Kiingilio

Getini walituuliza: wakazi au wageni?
Mama alicheka mpaka mtandio ukamvuka begani.
Kijana wa tiketi hakuona cha kuchekesha.
Nikalipa za wakazi, ya Akida nusu bei,
tukapewa karatasi yenye picha ya twiga
na onyo: msishuke garini.

Tuliondoka Tanga saa tisa za usiku,
tukavuka Pangani, chapati zingali moto
ndani ya kitambaa.
Likizo, nilimwambia. Siku moja tu,
twende tukatazame wanyama kama watu wengine.
Akavaa viatu alivyovalia harusi ya mdogo wangu.

Nyika haina mlango, mtu huingia bila kujua:
minazi inakuchoka, katani inabaki nyuma,
halafu ni nyasi, nyasi,
na mikoche imesimama mbalimbali
kama ndugu waliogombana msibani.
Udongo mweusi, umepasuka kama kisigino.
Kichaka cha miiba hapa, kichaka pale,
na katikati yake upepo usio na pa kuketi.

Sengasu, mwongoza wageni, ana darubini
na sauti ya darasani.
"Kushoto kwenu, kongoni."
Kweli, kongoni: uso mrefu
kama wa mdai aliyeambiwa njoo kesho.
"Kulia, ngiri na wanawe."
Mikia juu, antena za redio zinakimbia majanini.
Akida anahesabu, anakosea, anaanza upya.

Mama hatazami kushoto wala kulia.
Anatazama chini,
kama mtu aliyedondosha hereni.

"Simamisha."
Sengasu akatafuta mnyama. Hapana mnyama.
Pana ukingo wa saruji, kimo cha kiatu,
nyasi zimeumeza, zimebakiza kona.

"Hapa palikuwa josho. Ng'ombe wa ranchi, mia sita,
wanatumbukia mmoja mmoja,
na baba yenu kasimama na fimbo, dawa inamrukia.
Nguo zake nikifua mara tatu, bado zanuka.
Pale penye kichuguu, kamba yangu ya kuanikia.
Na hapo aliposimama twiga wako, kijana,
ndipo nilipomzaa huyu."

Huyu ni mimi.
Twiga akaacha kutafuna.
Sengasu alifungua daftari lake, akashika kalamu,
akalifunga.

Mimi niliambiwa nimezaliwa porini huko,
kama watu wanavyosema zamani hizo.
Fomu zote za maisha yangu nimejaza: Tanga Mjini.

"Simba walikuwa wanakuja, Bibi?"
"Wakija. Mwaka mmoja wa mvua walikula ndama saba.
Tuliwalaani kwa majina ya mama zao.
Leo nimelipa niwaone, hawatoki. Wana kiburi."

Kisha akafungua mlango.
"Mama, kushuka hairuhusiwi," alisema Sengasu,
kwa sauti ya mtu anayeomba asisikilizwe.
Akashuka. Akavua kiatu kimoja, kimoja tu,
akaweka unyayo juu ya saruji
kama anayepima joto la maji ya kumwogesha mtoto.
Upepo ukapita, nyasi zote zikalala upande mmoja,
zikaamka.
Kongoni walimtazama kidogo, wakarudi kula.
Walimwona ni mgeni asiye na madhara.

Sikupiga picha. Simu ilikuwa mkononi.

Jioni, getini, tulipewa kitabu cha wageni.
Wanyama mlioona. Akida akaandika kwa ulimi nje:
kongoni kumi na mmoja au kumi na wawili,
ngiri wengi, twiga, josho.
Simba: hakuna.

Penye Maoni, Mama aliniomba kalamu.
Kusoma alijifunzia ukubwani, madarasa ya jioni,
na bado huandika kama anayeshona,
kila herufi akiivuta mpaka ikaze.
Kijana wa tiketi alikuwa anataka kufunga.
Tukangoja.

*Majani yameota vizuri*, aliandika.
Akasahau kuweka jina.